Macho Mekundu Tuliyosema ni Moshi

Kezia mwanangu,

Usicheke neno hilo. Najua tumepishana miaka michache tu, na juzi yule kijana wa bodaboda alituuliza kama sisi ni pacha, ukacheka mpaka ukakaa chini. Lakini kwetu dada wa baba ni baba aliyevaa sketi. Tangu ulipoanza kusema umeniita Masenge, kabla sijajua kwamba jina hilo ni kazi. Masenge ndiye anayetakiwa kumwambia mtoto yale ambayo wakubwa wengine wanayameza. Mimi nimeyameza pamoja nao. Kesho unakwenda Mpanda kuanza kidato cha kwanza, utakaa na wenzako kwenye chumba cha kupanga pale Kashaulili, na nikinyamaza tena hili utalikuta mwenyewe barabarani.

Ya kula, ya kufua, ya kumsalimia mama mwenye nyumba, Bibi yako ameyasema tangu mchana na bado hajamaliza. Namsikia huko nje anafunga maharage na kuyafungua tena, eti hayatoshi. Mimi siyarudii. Naandika kwa sababu naujua mdomo wangu. Ukinikalisha mbele yako nitakuuliza kama umeweka sabuni, basi.

Baba yako hayuko machimboni.

Nimeandika sentensi hiyo na nimekaa kuitazama. Ndiyo. Kaka Festo yuko Mpanda, nyuma ya soko la Kashaulili, pale wanapoosha pikipiki. Hakuna dhahabu anayochimba, hakuna mtandao mbovu, hakuna simu iliyoanguka majini. Madawa ya kulevya yamemshika, na sisi wote hapa nyumbani tumekudanganya. Babu kwa kunyamaza. Bibi kwa kukuambia baba yako anakusalimia. Mimi ndiye niliyezitunga hizo salamu. Ile meseji ya Krismasi, uliyoisoma mara nyingi mpaka ukaikariri, niliiandika mimi kwenye simu ya rafiki yangu nikaituma kwa Bibi. Samahani. Ukitaka kuichana barua hii ichane hapa, lakini isome kwanza.

Sasa nikuambie ilivyoanza, maana mjini utasikia mengine.

Unalikumbuka bani letu, kile kijumba cha tofali kule bondeni ambacho sasa kimebaki kuta. Ulikuwa mdogo, ulikatazwa kwenda. Majani ya tumbaku yalining'inizwa ndani kwenye fito, moto ukawashwa kwa nje, na joto likapita chini kwenye mabomba ya bati kama mtu anayetambaa. Moto ule haukutakiwa kushuka wala kupanda. Ukishuka, majani yanaoza. Ukipanda, yanaungua, na jasho la familia nzima la mwaka limekwenda. Kwa hiyo lazima mtu akeshe nao mpaka majani yakauke, na kwetu mtu huyo alikuwa Festo, kijana pekee wa kiume. Watu walimsifu. Bibi yako alisema kanisani, "Mwanangu anakufa na moto kwa ajili yetu," na akina mama wakaitikia amina.

Alianza bangi ili asilale. Alinieleza hivyo yeye mwenyewe, baadaye, siku moja alipokuwa na akili zake. Aliyempa hakuwa jambazi, alikuwa mwenzake wa bani la jirani, mtu mwema tu aliyetaka kumsaidia. Msimu ukaisha, macho yakazoea, usingizi ukagoma hata siku za kupumzika. Ndipo akapata vidonge vya usingizi, vile vinavyouzwa bila boksi na mtu asiye na duka. Kisha gongo juu ya vidonge. Lakini ona ilivyokwenda: kimoja cha kukesha, kingine cha kulala, na kila kimoja kilikuja na sababu nzuri mkononi.

Utaniuliza, nyie mlikuwa wapi? Tulikuwa hapa hapa. Tulimwona. Lakini kwa watu wa tumbaku macho mekundu si habari. Msimu wa kukausha, Katumba yetu nzima ina macho mekundu, kila mtu anakohoa, kila blanketi linanuka. Mgeni angeingia ndani mwetu angesimama mlangoni kujiuliza. Sisi pua zetu zilikufa siku nyingi. Bibi yako alimkalisha Festo uani, akamwosha macho kwa maji ya baridi na kitambaa safi, akisema, "Moshi huu utanipofushia mtoto." Akiongea ovyo, tukasema amechoka. Akilala mpaka jua la saa nane, tukatembea kwa ncha za vidole. Kila dalili ilikuwa na kazi ya kuisingizia. Sijui kama mahali pengine wangekosea hivyo. Sisi tulikosea kwa sababu tulikuwa tunaujua moshi.

Mimi nilijua mapema kuliko wote. Nilikuwa namalizia shule ya msingi, ndiye niliyempelekea chakula. Siku moja nilifika mchana, kabla hajasikia miguu yangu.

"Kaka, mbona pananuka hivi?"

"Kuni mbichi."

"Kuni gani?"

"We Kimya, leo umepata mdomo?" Ndivyo alivyoniita, Kimya. "Kaa ule mahindi, acha kunihoji kama mgambo."

Nikakaa, nikala mahindi. Nilijua hazikuwa kuni. Lakini alinitania, akanichagulia hindi lenye punje nyingi, na mimi ni mtu ambaye nikichekewa siwezi kuuliza mara ya pili.

Halafu mabomba yakapotea. Asubuhi Babu yako alikwenda kuandaa bani akakuta shimo tupu. Bila mabomba hakuna kukausha, na majani yalikuwa tayari shambani. Mimi niliyaona yakiondoka, Kezia. Nilikuwa natoka kisimani jioni iliyotangulia, nikamwona Festo akisukuma baiskeli, amefunga mabomba kwa kamba na kuyafunika gunia. Tulitazamana. Akaweka kidole mdomoni, kama tunacheza. Aliyauza kama chuma chakavu.

Mambo yangeishia hapo, tungepata aibu ya ndani tu. Lakini mashaka yakatafuta mtu, na mtu akapatikana. Tulikuwa na kibarua, Dotto, Msukuma, familia yao walihamia hapa na ng'ombe wao miaka ile. Mpole, anaimba akikata kuni. Babu akamwita mbele ya majirani.

"Wewe ndiye unayejua mlango wa bani unavyofunguka."

"Baba, mabomba nitayapeleka wapi? Ng'ombe wetu hawali bati."

Watu walicheka. Kisha mmoja akamzaba kofi, na baada ya kofi la kwanza hakuna aliyecheka. Wazazi wa Babu yako walikuja nchi hii wakikimbia, yeye akiwa mgongoni. Anajua mgeni anavyoshukiwa. Hata hivyo siku ile mgeni alikuwa mwingine. Dotto aliondoka na damu kwenye shati, bila ujira wake. Festo alikuwa amesimama kwenye kundi. Mimi nilikuwa nimeshika beseni la vyombo, nikalishika hivyo hivyo mpaka mikono ikafa ganzi. Ningesema neno moja tu. Sikulisema.

Festo hakukaa sana baada ya hapo. Vidonge vilipogundulika, Babu aliona dawa ni kumfungia. Akamtia kwenye bani tupu, akafunga mlango kwa mnyororo, akasema, "Atatoka akiwa mtu." Alitoka amebebwa. Alipata degedege, anatoa povu, wengine wakaanza kukemea mapepo. Kule zahanati wakatuambia vidonge vile, mtu akishavizoea, havikatwi ghafla. Vinapunguzwa kidogo kidogo na daktari akiangalia, la sivyo mwili unaweza kumuua mwenyewe. Wakasema aende hospitali, ni ugonjwa unaotibiwa. Babu akasikia neno "ugonjwa" akaona tunamtetea. Festo alipopata nguvu akaondoka, na sisi tukatengeneza hadithi ya machimbo. Mama yako alikuwa ameshaondoka kwa sababu hizo hizo. Hakukukimbia wewe.

Nikuambie kitu cha kuchekesha, japo sicheki. Sekondari walitufundisha somo la madawa ya kulevya. Kwa Kiingereza. Nilikariri maana yake, sababu zake, madhara kwa mtu, kwa familia, kwa taifa. Nilipata alama zote, mwalimu akanisimamisha darasani wanipigie makofi. Kwa Kiingereza nilikuwa bingwa. Kwa Kiswahili nilishindwa kumwambia baba yangu sentensi moja: si Dotto, ni Festo. Kwa Kirundi chetu cha nyumbani hata sikujaribu, maana hicho ndicho tunachotumia kulia. Ndiyo maana siamini sana mambo ya kujua madhara. Mimi niliyajua yote kwa namba.

Na hata kujua kote huko hakukunizuia mimi mwenyewe. Kidato cha pili, rafiki yangu mmoja, tena kiongozi wa kwaya, alikuja na vile vipakiti vya ugoro wa kuweka chini ya mdomo. Tulikuwa nyuma ya bweni tunajisomea.

"Weka kidogo. Hesabu zinaingia zenyewe."

"Mimi..."

"Mimi nini? Kwenu si mnalima tumbaku? Utaogopaje ya kwenu?"

Wenzetu wakacheka, nikaweka. Sikuwa na hamu nayo hata chembe. Niliweka kwa sababu ya aibu ya kukataa watu wakinitazama. Dunia ikazunguka, nikatapika kwenye sketi, wakanifulia huku wanacheka. Ingenikaa vizuri siku ile, sijui leo ningekuwa wapi. Watu wanawahofia watoto jeuri. Mimi nawahofia wapole, maana mtoto jeuri atasema "sitaki" hata kwa ubishi tu. Wewe na mimi si majeuri. Fanya mazoezi ya neno hilo, mwanangu, liseme hata ukiwa peke yako unafua, mpaka lizoee mdomo wako.

Sasa kosa langu la pili, hili unalijua maana lilikupata wewe.

Baada ya Festo nikawa mtu wa mashaka. Nilimshuku kila mtu. Kijana akikupa lifti bure, nikajiuliza anataka nini. Ukicheka sana, nikakutazama macho. Ukilala mchana, nikaja kusikiliza unavyopumua. Nilinusa mashati yako ya shule, na pua yenyewe si unajua ilivyo, kila kitu kikaninukia. Niliona kwa kukushuku ninalipa deni la kunyamaza kwangu. Siku niliyokuta vidonge vyeupe kwenye mkebe wako wa kalamu, nilivileta mpaka jikoni mbele ya Babu na Bibi, nikavimwaga kwenye ungo.

"Hivi ni vya nini?"

"Ni vyangu."

"Vyako vya nini, Kezia?"

Ukamtazama Babu, ukatazama chini, ukanyamaza. Mimi nikausoma ule ukimya kana kwamba Festo ndiye amesimama pale. Nikavitupa kwenye moto. Wiki kadhaa baadaye nikakukuta umejikunja mkekani, jasho linakutoka, umeuma kanga. Nikakuuliza kwa nini husemi kama tumbo la mwezi linakusumbua hivyo, kwa nini hutafuti dawa. Ukaniambia, "Si ulizichoma."

Nilistahili. Ungewezaje kusema mbele ya Babu yako? Hilo ndilo jambo la kuambiwa masenge, na masenge wako alikuwa amegeuka polisi. Nikinyamaza nilimpoteza Festo. Nikishuku nilikaribia kukupoteza wewe. Katikati ya hayo mawili kuna kuuliza swali kwa upole, mahali pasipo na watu, halafu kusubiri jibu. Bado najifunza.

Wiki iliyopita nilipokwenda kukuangalizia chumba, nilipita nyuma ya soko makusudi. Nilikuwa nimesikia yupo. Yeye ndiye aliyeniona kwanza.

"Kimya! Mwalimu wa Kizungu!"

Amekonda. Jino la mbele halipo, suruali amefunga kwa ukanda wa mpira wa tairi. Alikuwa anaosha pikipiki ya mtu, povu mpaka kwenye viwiko. Wenzake wakaanza, "Oya Festo, dada huyo hajaolewa?" akawarushia maji. Kwa dakika hiyo alikuwa Kaka kabisa.

"Nimeacha, mdogo wangu," akaniambia kabla sijamuuliza. "Sasa hivi najigusa kidogo tu, nipate kulala."

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Kidogo ni kidogo. Usianze." Akakung'uta kitambaa. "Kezia amefaulu?"

"Nani kakuambia?"

"Watu wa Katumba wanapita hapa kila siku. Unadhani mimi sisikii?"

"Amefaulu."

Akajifunika uso kwa kile kitambaa, chenye sabuni vile vile, mpaka nikayahofia macho yake. Alipokiondoa akauliza, "Amepangiwa shule wapi?"

Hapo mashaka yakanipanda kifuani. Nilimwona anakuja kugonga dirisha lako. Nilimwona anaomba simu yako, godoro lako, sanduku lako. Mtu aliyeuza mabomba ya baba yake atashindwa na sanduku la shule? Nikasema, "Sumbawanga."

"Sumbawanga kuna baridi sana," akasema. "Mpeni sweta. Nzito, siyo zile za kung'aa."

Nikaaga. Nilipofika kona akanikimbilia, anahema. Nikadhani ana neno la kukutumia. Akasema, "Hata ya chai tu, mdogo wangu. Sijala." Sikumpa hela. Nilimnunulia chapati na maharage kwa mama wa pale, nikakaa mpaka akamaliza. Alikula nusu, nusu akaenda kuiuza kwa mwenzake nikiwa bado nipo. Njia nzima ya kurudi nilijiuliza lipi lilikuwa la kweli, sweta au chai. Sasa naona yote mawili ni ya kweli. Anakupenda, na anaweza kukuibia. Usimwamini mtu atakayekuambia ni moja tu kati ya hayo, hata nikiwa mimi.

Na usidhani ni yeye peke yake pale. Nilikaa pembeni nikawatazama. Wawili nilisoma nao. Mmoja alikuwa anatuongoza sala ya asubuhi. Hakuna aliyeandikwa usoni. Na usidhani atakayekupa atakuja na sura mbaya. Atakuja mwenzako wa chumbani wakati wa mtihani, au utakapokuwa unaumwa tumbo, au umekosa usingizi kwa kuwaza nyumbani. Atakupa sababu kwanza. Ukiona sababu nzuri inatangulia na kitu kinafuata, hapo shuku, hapo ruksa. Ukiumwa niambie mimi. Nitakuja na dawa yenye boksi, na sitaimwaga kwenye ungo.

Jioni hii, ulipokwenda kuwaaga akina Ester, niliwakalisha Babu na Bibi yako. Nilisema yote: baiskeli, gunia, kidole mdomoni. Nilisema pia kwamba barua hii naiandika. Sauti ilikuwa inatoka na kurudi, lakini nilimaliza. Bibi akasema, "Na macho yale nilikuwa naosha mimi," akatoka kwenda kwenye maharage yake. Ndiyo maana hayatoshi mpaka sasa. Nilidhani Babu ataniuliza kuhusu Festo. Akauliza, "Dotto yuko wapi siku hizi?" Nikasema sijui. Akasema tutafute. Amevaa koti akaenda kwa jirani yule aliyepiga kofi, na hajarudi.

Kwa hiyo kesho asubuhi ukiona watu wana sura nzito, ujue hawajakukasirikia.

Limebaki la kwako. Mji ule si mkubwa, utakutana naye. Sitaki ukutane naye kwa kushtukizwa, ukiwa umebeba madaftari, wenzako wanamcheka mwehu wa sokoni, nawe hujui kama ucheke. Ukimwona kabla yangu, msalimie ukitaka, ukiwa mahali penye watu. Usimfuate popote, usimpe hela wala simu, usimwonyeshe mlango wako. Huo si ukatili. Na kumponya si kazi yako. Wewe ni mtoto wake, si daktari wake. Nimeuliza hospitali ya pale mjini, wanawapokea watu kama yeye, ila lazima aingie na miguu yake. Nitamwambia hilo kila nikimwona. Anaweza kukataa miaka yote. Nakuambia mapema usije ukaanza kusubiri.

Kumwona au kutomwona, amua mwenyewe. Usinijibu asubuhi mbele ya watu, na usinijibu kwa sababu unanionea huruma. Jumamosi nitakuja. Ukitaka, tutakwenda wote wawili, na nitamwambia usoni kwamba Sumbawanga ilikuwa uongo. Ukikataa, utabaki chumbani unasoma, na mimi nitakwenda peke yangu kumwambia, "Mwanao yupo hapa hapa Mpanda, anajua habari zako zote, na leo hajataka kukuona." Ataumia. Huenda atanitukana mbele ya wenzake. Nitasimama pale mpaka amalize.

Masenge wako